Ngozi Tuliyoipeleka Butiama

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, baba yangu aliingia uani amebeba begani ngozi ya ng'ombe ambaye hakuwahi kulala kwenye zizi letu. Akaitua kando ya ghala, akaikunja manyoya yakabaki ndani, akaifunga kwa kamba ya katani na kukaza mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Mama alikuwa anapepeta mtama. Alimtazama baba, akaitazama ngozi, akaendelea kupepeta, ila kwa nguvu zaidi, makapi yakaruka hadi mlangoni.

"Perusi," baba akaniita. "Jiandae. Tunakwenda Butiama kwa Wambura."

Subiri kidogo nikueleze, maana ninyi mmezaliwa mambo mengine yameshapita. Sisi wa upande wa Bunda, na wenzetu wa Butiama, hatukuwa tunaweka ng'ombe wote kwenye zizi moja. Mtu alibaki na wengine nyumbani, wengine akawapeleka kwa rafiki wa mbali wakae huko. Rafiki anakamua, watoto wake wanakunywa maziwa, ndama wakizaliwa mnaelewana. Ugonjwa ukikufagilia zizi, kuna mbegu imebaki kwa mwenzako. Baba yangu, Magesa, alikuwa na ng'ombe wake kwa Wambura kule Butiama. Naye Wambura alikuwa na ng'ombe kwetu, jike mwekundu mwenye baka jeupe usoni, mpole kiasi kwamba nilikuwa namkamua huku nimemwegemezea kichwa ubavuni.

Haikuandikwa popote. Kilichokuwepo ni neno la mtu, na ngozi. Ng'ombe wa rafiki akifia kwako, unamchuna na kumpelekea mwenyewe ngozi. Ngozi ndiyo inayomwambia: amekufa kweli, sikumuuza.

Sasa yule mwekundu hakuwa amekufa. Baba alimuuza mnadani Bunda, na ngozi aliyoifunga pale uani alikuwa ameipata kwa mchinjaji.

Baba hakuwa mwizi, mwanangu. Nakuomba usikimbilie kumhukumu, kwa sababu hata mimi nilimhukumu kwa miaka, na sikufaidika na chochote. Ilikuwa ile miaka ya vijiji vya ujamaa. Tulishaambiwa kwamba tutahama, tukakae pamoja kando ya barabara, karibu na shule na maji. Hilo lilikuwa limetangazwa, kila mtu alilijua. Lakini juu ya hilo watu walijenga hadithi nyingine. Ilianza kama minong'ono kwenye kituo cha kupimia pamba, pale ambapo wanaume walikaa juu ya magunia wakisubiri zamu, na wiki hiyo nilikuwepo nikimsaidia baba kubeba.

"Ng'ombe wote watakuwa wa kijiji," alisema jirani yetu Masatu, mtu mwenye mdomo mwepesi na roho nzuri. "Butiama wameanza. Wameanzia mabonde ya chini, sasa wanapanda juu. Wanachukua mpaka ndama. Mwenye ng'ombe anaachiwa fimbo."

"Nani kakwambia?" baba akauliza.

"Nani hajui? Wewe Magesa unaishigi wapi? Utaamka asubuhi utaona ng'ombe wako anapita barabarani, na wewe unampigia saluti!"

Watu wakacheka. Kilikuwa kile kicheko ambacho kikiisha, kila mtu anaangalia miguu yake.

Hakuna aliyesema "niliona." Lakini kila aliyeondoka pale aliiongeza kidogo. Masatu alisema fimbo, mkewe akasema hata fimbo wananyang'anya. Siku zilivyokwenda, mtu akisema kwamba hajaisikia alionekana mjinga, na akisema haamini alionekana ametumwa. Mnadani malori ya wanunuzi yakaongezeka, na wanunuzi hawakuhitaji kubishana bei. Walisimama tu wamefunga mikono, wakisubiri woga utulete. Watu waliuza hadi maksai wa kulimia. Nilimwona mzee mmoja anamvuta fahali wake kwenda kwenye lori huku analia waziwazi, na walio nyuma yake kwenye foleni wanamhimiza aharakishe.

Baba alivumilia kuliko wengi. Ila siku moja, akiwa amekaa mezani bila kula, alimwambia mama, "Yule wa Wambura atachukuliwa hata hivyo. Akichukuliwa, Wambura hapati kitu na mimi sipati kitu. Afadhali nimuuze mimi." Mama akamwambia, "Basi mpelekee ujumbe kwanza." Baba akajibu, "Ujumbe ukifika, ng'ombe hayupo."

Ndivyo alivyouzwa. Kisha akaanza kuwaza wale wake walioko Butiama, ambao walikuwa mahari ya kaka yangu Yohana. Kaka alikuwa Musoma, anakaa Nyasho na kubeba mizigo ya samaki, na posa yake kwa binti wa Majita ilishapokelewa. Ng'ombe wale wakipotea, ndoa inapotea. Kwa hiyo baba alipanga mambo mawili kwa safari moja: kumpa Wambura ngozi ya uongo, na kuwachukua ng'ombe wake haraka kabla hawajafikiwa. Mimi nilitakiwa kusaidia kuwaswaga njiani kurudi.

Tulipata lori la pamba mpaka njia panda, tukashuka, tukaanza kutembea. Nilibeba ngozi kichwani. Jua lilipopanda, ikaanza kunuka, na nzi wakatufuata kama jamaa zetu.

"Baba," nikasema, "akiikunjua?"

"Wambura hawezi kukunjua ngozi niliyomletea mimi. Ndiyo maana ni rafiki yangu."

Alisema hivyo, halafu akatembea muda mrefu bila kugeuka nyuma. Nadhani alijisikia mwenyewe alichosema.

Tulipokaribia Butiama, tukaanza kupita katikati ya yale majabali makubwa yaliyosimama kama watu wazima wanaongea. Na katikati ya majabali, ng'ombe. Wengi, wamenona, wanakula majani, watoto wa shule ya msingi wanawachunga kwa uvivu huku wanachezea mawe. Baba akasimama.

"Mbona wapo?" akasema.

Akamwita mchungaji mmoja, msichana mwenye sketi ya shule. "Mwanangu, watu wa kuchukua ng'ombe hawajafika huku?"

Msichana akashangaa. "Kwani si wako Bunda?"

Nilihisi ngozi imekuwa nzito ghafla. Nikamwambia baba, "Turudi. Tukaitupe hii ngozi, turudi nyumbani."

"Na ng'ombe wa Wambura nitamrudisha kwa kuitupa ngozi?" akaniuliza. Macho yake yalikuwa mekundu. "Tembea."

Nyumbani kwa Wambura watu walitoka kutupokea kama tunavyopokewa msibani. Wanawake waliweka mikono kifuani. Wambura mwenyewe, mtu mrefu ambaye kwa kawaida alianza kucheka ukiwa bado barabarani, alimkumbatia baba asimwachie.

"Pole, ndugu yangu. Poleni sana. Tumesikia yote."

"Mmesikia nini?" baba akauliza.

"Ya Bunda. Kwamba wamepita nyumba kwa nyumba. Kwamba mtu anaachiwa fimbo tu." Akaiona ngozi kichwani mwangu, akaipokea kwa mikono miwili, akaisimamisha ukutani bila kuifungua, kama baba alivyosema. "Kumbe walimchinja, na bado umepigania angalau ngozi uniletee. Magesa, wewe ni mtu."

Hapo, mwanangu, niliona kile ambacho baba alikiona. Hakuhitaji tena kusema kwamba ng'ombe amekufa kwa ugonjwa. Hadithi ileile iliyomfanya auze ilikuwa imetangulia kufika, imekaa kwenye kigoda, inamsubiri imfiche. Angeitikia kwa kichwa tu na kusema "ndiyo, wamechukua," angelindwa maisha yake yote. Nani angemuuliza?

Lakini majirani walikuwa wameshaanza kujaa uani. Kijana mmoja alikuja na kamba mkononi, na nyuma yake, nje ya uzio, walisimama maksai wawili waliokwishafungwa kwa safari.

"Mzee wa Bunda," kijana akasema, "sisi hapa tumegawanyika. Wengine wanasema ni maneno ya watu. Mimi nimesema, nitasubiri mtu mmoja tu aliyeona kwa macho yake. Sema neno, maksai hawa wanalala mnadani kesho."

"Mwache mgeni ale kwanza," Wambura akamkaripia.

"Chakula hakikimbii, baba. Ng'ombe ndio wanakimbia!"

Wachache wakacheka. Wengi hawakucheka. Wote walimwangalia baba yangu mdomoni.

Wambura akamshika mkono. "Usijali. Tuliposikia, nilimwambia mama, Magesa atakuja hapa na njaa. Nimemtenga mtamba. Yule pale, mweusi. Ni wako. Uanze upya."

Baba akamwangalia yule mtamba mweusi. Shati lake lilikuwa limelowa mgongoni.

Kwenye baraza, mama yake Wambura, Bibi Nyangeta, alikuwa anamenya karanga kwenye ungo. Alikuwa mwembamba, meno yamebaki machache, na muda wote huo hakuwa amesema lolote zaidi ya kuitikia salamu. Sasa akausogeza ungo pembeni.

"Magesa mwanangu, wewe umewaona hao watu?"

"Mama, huko Bunda watu wote..."

"Sijakuuliza watu wote. Watu wote ninao hapa uani, wamenichosha tangu juzi. Nimekuuliza wewe."

Baba akaangalia ile ngozi ukutani. Bibi hakumsukuma. Akanigeukia mimi.

"Na wewe binti. Unajua kwa nini ng'ombe wetu hulala kwenu na wenu hulala kwetu?"

"Hapana, Bibi. Najua tu kwamba ndivyo ilivyo."

"Baba yako hajakusimulia?"

"Hapana, Bibi."

Akatikisa kichwa taratibu, siyo kwa hasira, kwa kusikitika, kama mtu aliyeonyeshwa paa linavuja. Kisha akasimulia. Alisema kwamba alipokuwa mwali aliyeolewa karibuni, ugonjwa uliingia Butiama ukamaliza mazizi. Watu walikuwa wanazika ng'ombe mpaka wakachoka kuchimba. Hadithi ikaenea hadi Bunda kwamba Butiama pamelaaniwa, kwamba anayekanyaga huko anarudi na kifo kwenye nyayo zake. Njia zikaota majani. Chumvi haikuja, ndugu hawakuja.

"Siku moja tukaona mtu anapanda pale," akanyoosha kidole kwenye njia tuliyojia, "anaswaga mtamba mmoja. Alikuwa babu yako, binti. Mume wangu alimpigia kelele kutoka mbali: rudi, utakufa! Akajibu kwa kelele vilevile: nimeambiwa na watu wote kwamba mmelaaniwa, nimekuja kuona mwenyewe. Akamfunga mtamba kwenye nguzo hii. Alipozaa, Wambura alinyweshwa maziwa yake. Hawa wote mnaowaona ni wajukuu wa mtamba yule."

Akageukia tena kwa baba. "Mimi nimemsimulia Wambura hadithi hiyo tangu hajui kutembea. Kwa hiyo juzi uongo ulipofika hapa kwamba mmenyang'anywa, yeye aliwaza nini? Aliwaza mtamba. Sasa niambie, Magesa. Uongo huohuo ulipofika kwako, wewe uliwaza nini?"

Baba aliondoa kofia. Nilidhani anajifuta jasho, lakini aliishika tu, anaizungusha kwa mkono uliokuwa huru.

"Nilimuuza, Mama," akasema. "Ng'ombe wa Wambura nilimuuza mnadani. Hakuna aliyetuchukulia kitu. Hakuna mtu aliyekuja. Ngozi hiyo siyo yake."

Wambura aliachia mkono wa baba, polepole, kidole kimoja kimoja, kama mtu anayeweka chini chombo cha moto.

"Kwa hiyo," akasema kwa sauti ya chini, "umenibebea ngozi ya ng'ombe nisiyemjua. Na umembebesha binti yako."

"Ndiyo."

"Na mimi nimeipokea kwa mikono miwili, mbele ya watu."

Wambura akaichukua ile ngozi, akatoka nayo, akaitupa nje ya uzio, akaenda zake mpaka usawa wa majabali. Hakurudi mpaka tulipoondoka. Yule kijana mwenye kamba alisimama kidogo, akaguna, "Yaani nilikuwa nakwenda kuuza kwa ajili ya huyu!" Akawafungua maksai wake, mmoja baada ya mwingine.

Bibi Nyangeta hakumfariji baba wala hakumtukana. Alituletea ugali wa udaga, ule wa mihogo, na maziwa ya mgando, akasimama juu yetu mpaka tulipokula. Kisha akasema, "Ng'ombe wako watabaki hapa. Siwashiki kwa deni. Wakiondoka leo, hutakuwa na sababu ya kurudi, na Wambura hatakuwa na sababu ya kukuangalia. Mtamba mweusi naye habanduki. Wewe nenda Bunda. Mdomo uliosema hapa, ukaseme na kule."

"Watanicheka, Mama."

"Kwani hapa umechekwa na nani? Ungechekwa ingekuwa nafuu."

Baba alisema, mwanangu. Alisimama juu ya magunia pale kwenye kituo cha pamba, mbele ya watu waliomheshimu, akaeleza kwamba Butiama wanasema ni Bunda, na Bunda tunasema ni Butiama, na katikati hakuna kitu isipokuwa barabara. Akaeleza na habari ya ngozi. Masatu alikuwa wa kwanza kupiga kelele: "Magesa, ulitumwa ng'ombe, umetuletea mahubiri?" Kicheko kilimfuata mpaka nyumbani, na kwa miezi watoto walimwita Mzee Ngozi. Walioamini kwamba amehongwa, waliuza. Lakini wapo waliokwenda kimyakimya kuwatoa wanyama wao kwenye foleni, na miongoni mwao, bila kumwambia mtu, alikuwa Masatu.

Tulihamishwa kweli, hilo silifichi. Tulibomoa nyumba zetu na kubeba milango kichwani, na yapo machungu ya siku zile ambayo sitayaongeza wala kuyapunguza. Lakini ng'ombe walihama pamoja nasi, wanakwenda kwa miguu yao, na wakabaki wa wenyewe. Mvua ilipokuja, waliobaki na maksai walilima pamba. Waliouza walichimba kwa jembe la mkono kando yao, na jioni hawakuwa na nguvu ya kuongea na mtu. Hawakunyang'anywa na yeyote. Waliipeleka mali yao wenyewe kwenye lori, wakiongozwa na maneno.

Ndoa ya kaka Yohana ilichelewa. Baba alikuza mtamba mwekundu, akampeleka Butiama. Wambura akampokea, akamwita mkewe alete maji, akaongea habari za mvua. Basi. Miaka ikaenda hivyo, heshima ipo, kicheko hakipo. Ng'ombe wake hakumleta tena kwetu.

Kisha Bibi Nyangeta akafariki. Tulikwenda sote, na kaka akatoka Musoma. Makaburini, watu walipomaliza kusema, Wambura alisimama, akatafuta kwa macho kati ya waombolezaji, akasema, "Mama alikuwaga na hadithi moja anaisimulia. Ya mtu aliyekuja na mtamba wakati wa ugonjwa. Mimi leo sauti haitoki. Magesa, isimulie wewe."

Baba akasimama mbele ya kaburi lile. Alisimulia vibaya. Alichanganya rangi ya mtamba, akasahau nguzo, akafika mahali sauti ikakatika. Wambura akamsahihisha: "Kwenye nguzo, ndugu yangu. Alimfunga kwenye nguzo." Baba akaendelea. Niliwaangalia watoto waliokaa kwenye majani mbele, wa kwao na wa kwetu, midomo wazi, wanasikiliza.

Ndiyo sababu nimekuita ukae hapa, mwanangu. Unasema unataka kuuza shamba kwa sababu watu wote wanasema mahali hapa hapana faida tena. Sikukatazi. Huenda ni kweli. Lakini kabla hujauza, kabla hujanunua, kabla hujamwacha rafiki au kumkimbilia mgeni, jiulize ni hadithi gani imekushika mkono. Mtafute aliyeona. Usipompata, nenda kwa miguu yako mpaka mahali wanaposema jambo limetokea, ukaangalie. Na usidhani kwamba ukweli peke yake unatosha. Wambura naye alidanganywa kama baba, tena kwa uongo uleule. Kilichowatenganisha ni kile walichosimuliwa utotoni. Hofu ikija, mtu hapati muda wa kufikiri upya, anashika lililo karibu moyoni mwake. Kwa hiyo wasimulie watoto wako ni nani aliyekuja kwetu siku mbaya, na sisi tulikwenda kwa nani. Wasimulie na aibu zetu pia, kama nilivyokusimulia hii ya babu yako, ili wasizirudie kwa kutojua.

Mungu akupe masikio yanayochagua na mdomo usioongeza. Akupe rafiki wa mbali anayelala usingizi kwa sababu mali yake iko kwako. Zizi lako lijae, na siku utakayotishwa na watu wote, miguu yako ikupeleke kuona. Nenda salama, mwanangu, na urudi salama.